Chai ya Mashini

Runingu, tarehe 4 Oktoba 1999

Daftari hili lilikuwa la somo la joto na mota. Kurasa za mbele zimejaa hesabu. Nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma, maana daftari mpya ni za wenye kufika Bujumbura, nami sifiki popote. Niliacha masomo Lubumbashi mwaka jana, mwezi wa saba, nikaja Uvira likizo ya majuma matatu. Tarehe mbili ya mwezi wa nane vita vikaanza. Leo ni mwezi wa kumi na tano niko likizo. Nani amewahi kupata likizo ndefu hivi?

Lubumbashi iko upande wa serikali, sisi tuko upande wa pili, na katikati kuna mstari ambao sijamkuta mtu aliyeuona, ila kila mtu anajua unaua. Walitia sahihi amani kule Lusaka mwezi wa saba. Labda amani yenyewe inakuja kwa miguu, ndiyo sababu haijafika.

Baba amenituma huku Runingu kwa dada yake mkubwa, Shangazi Ernestine, kwa sababu, anavyosema, nyumbani nagombana na kila kitu hadi mlango. Sikatai. Shangazi ni mjane. Mumewe alikuwa fundi wa kiwanda cha sukari, akamwachia mashini moja ya kusaga, ya mazutu, yaani dizeli, iliyozaliwa kabla yangu. Wanawake wa kijiji chote wanaleta hapa mihogo na mahindi yao. Mashini nyingine iko Sange, masaa mawili kwa miguu, na barabara ya Sange siku hizi mtu haipiti kwa kupenda.

Nilipofika aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akasema: "Njo weye Enjeniere? Karibu. Chukua fagio."

5 Oktoba

Nimefagia pumba siku nzima. Hata ndani ya masikio niko na pumba.

9 Oktoba, Jumamosi, siku ya posho

Leo nimecheka, kisha nikaona haya.

Mashini ilikuwa inasaga, wanawake wamepanga mabeseni yao mpaka nje. Shangazi akachukua mchi wa kinu, ule mzee wenye kichwa kilichopasuka, akaweka ncha moja juu ya mota na nyingine kwenye sikio. Akafumba macho. Nikamwambia: "Shangazi, uko naisalimia?" Wanawake wakacheka pamoja nami.  Yeye akahamisha mchi mahali pa pili, pa tatu, halafu akaizima.

"Kuko parafujo moja imelegea huku juu, iko napiga ngoma. Fungua."

Nikafungua kwa kiburi changu chote cha miaka miwili ya chuo. Nikaikuta. Imebaki uzi mmoja kutoka, na kama ingeangukia ndani, basi, kwaheri mashini. Kule chuoni kulikuwa na mwalimu wa atelie, karakana yetu, aliyetufundisha kusikiliza mota kwa bisibisi ndefu, namna hiyo hiyo, na tuliifanyia mtihani. Nilipata kumi na sita juu ya ishirini. Shangazi hakufundishwa na mtu.

Nikamuuliza kwa nini mchi. Akasema: "Huu muti uliniumiza mikono miaka makumi mbili. Sasa nao unitumikie."

Nimeacha kucheka.

12 Oktoba

Mvua.

13 Oktoba

Mvua. Barabara imekuwa uji.

16 Oktoba

Mpaka na Burundi umefungwa tena, mazutu haingii. Tumebaki na bidoni moja, dumu la mwisho. Shangazi amesema tutasaga siku mbili tu kwa juma, na zile siku nyingine kila mtu arudi kwenye kinu chake.

Basi asubuhi nimeamshwa na vinu. Pu, pu, pu, kutoka kila nyumba, mpaka jua limepanda. Irankunda, jirani yetu, aliyeolewa juzi tu kutoka Kiringye na ana mimba ya miezi mitano, anatwanga amesimama miguu mbali mbali kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Chuoni tulipima nguvu ya mota kwa farasi. Farasi wenyewe sijawaona hata siku moja. Wangetufundisha kuipima kwa wanawake tungeelewa mara moja: hii mashini ni wanawake thelathini wanaokaa chini wapumzike.

21 Oktoba

Niandike vipi?

Jana watatu walichoka kutwanga, wakabeba mihogo yao kwenda kusagisha Sange: Irankunda, Georgette mwenye kuuza sombe ya majani ya mihogo, na bibi mmoja wa huko juu. Wakati wa kurudi, kwenye matete karibu na daraja, wenye bunduki wakatokea. Sijui ni wa upande gani, na Irankunda anasema hata wao labda hawajui. Walichukua unga wote. Irankunda na bibi walikimbia. Georgette hakukimbia, kwa sababu walimshika.

Irankunda alifika hapa bila viatu, ameshika tumbo, anarudia neno moja la Kirundi, Mungu wangu: "Mana yanje, Mana yanje." Shangazi alimkalisha, akamnywesha maji, akamfuta matope miguuni kwa kitenge chake mwenyewe. 

24 Oktoba, siku ya Mungu

Georgette amerudi jana. Haongei. Mama yake amefunga mlango, na wanawake wanaingia mmoja mmoja, wanakaa naye, wanatoka.

Baada ya misa Shangazi alisimama mbele ya mashini, ameweka mkono juu yake, akaniambia bila kugeuka: "Hakuna mwanamuke wa Runingu atapita tena ile barabara juu ya unga. Hii mashini haitasimama tena. Unasikia, Enjeniere?"

"Shangazi, bila mazutu itasimama tu."

"Basi njo kazi yako hiyo. Ulisomea nini, kufagia?"

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Kisha nikaona kwamba hasira yangu ni ya mtu aliyeulizwa swali zuri.

25 Oktoba

Mungu asifiwe kwa sombe!

Shangazi alikuwa anapika. Akaita: "Blandine, leta mafuta." Nikauliza: "Gani?" Maana kwetu neno ni moja tu. Ya kupikia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, ya mota ni mafuta. Akanifokea: "Mafuta ni mafuta! Uko naona mota mu sufuria yangu?"

Nikabaki nimesimama na chupa ya mawese mkononi, nyekundu, nzito. Nikakumbuka profesa wetu siku moja, akimaliza kipindi, amekwisha funga mkoba wake, alituambia kwa kicheko kwamba zamani sana, Paris, mota ya namna hii ilionyeshwa ikitembea kwa mafuta ya karanga. Tulicheka naye, tukaenda kula. Hakuna aliyeandika.

Mazutu haipatikani. Mawese yanashuka kila juma kwa mitumbwi kutoka Baraka mpaka Uvira, na binamu yangu Rémy anayapakia kwenye kinga yake, baiskeli, mpaka hapa. Mafuta ni mafuta!

28 Oktoba

Sitaki kuandika. Nilimimina mawese asubuhi, nikazungusha mkono wa mashini mpaka mabega yakauma. Ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nikafungua bomba: mawese yameganda ndani, yamekuwa kama siagi.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Weye umesoma miaka mbili, na haujaona mawese asubuhi? Wakati wa mvua inalala! Kila mutoto anajua, unaweka chupa karibu ya moto mbele ya kupika!"

Ndivyo. Najua hesabu za joto kurasa arobaini, nikasahau chupa ya mawese jikoni kwa mama yangu.

30 Oktoba

Tumekaa wawili, mimi na daftari, yeye na mihogo yake ya kumenya, na tumeelewana hivi. Mawese yapite kwanza kwenye kitenge cha zamani, yachujwe. Yapite kwenye bomba la shaba nililolizungusha juu ya bomba la moshi, yapate joto. Mota ianze kwa mazutu kidogo, na ikishapata joto tunageuza robine, koki ya mafuta, inakula mawese siku nzima. Kabla ya kuzima, tunarudisha mazutu kwa dakika tano, iisafishe mishipa yake. Ukiizima na mawese ndani, kesho asubuhi umeiua.

Ya bomba ni yangu. Ya kitenge ni ya Shangazi. Ya kurudisha mazutu kabla ya kuzima, nayo ni yake, naiandika hapa ili siku moja nisije nikajisifu. Nilikuwa nawaza vichujio na vipimo, yeye akasema: "Mupatie chai asubuhi. Muchana akule bugali. Mbele ya kulala, chai tena. Hata bwana yangu alikuwa vile."

Toka leo mazutu inaitwa chai, na mawese bugali.

6 Novemba, siku ya posho

INASAGA!

Ilikunywa chai yake, nikageuza robine. Mlio ukashuka, ukawa mnene. Shangazi akaweka mchi, akasikiliza, akasikiliza. Wanawake wote wamesimama na mabeseni vichwani. Kisha akafungua macho, akasema: "Iko nakula. Na iko nasikia muzuri."

Vigelegele! Irankunda alicheza na tumbo lake.

Kitu kimoja ambacho profesa hakutuambia: moshi wake unanuka mandazi. Kijiji kizima kinanuka mandazi. Watoto wamejazana nje wakiuliza mashini iko napika nini, na mbwa wa katekista amelala chini ya bomba la moshi tangu saa tatu, anangoja.

7 Novemba

Nimelala mpaka misa imepita.

15 Novemba

Tunasaga kila siku. Wanatoka hata vijiji vya huku juu. Hakuna aliyekwenda Sange.

23 Novemba

Georgette alikuja leo mara ya kwanza. Alisimama mwisho wa mstari, ametazama chini. Shangazi hakumwita mbele, hakumwonea huruma kwa sauti. Zamu yake ilipofika alimwambia tu: "Georgette, wenye kununua sombe yako wanataka unga laini ao vile vile?" Akajibu: "Laini." Ndilo neno la kwanza amelisema mbele ya watu. Nilitaka kumkumbatia Shangazi pale pale, pumba na yote.

Nilipokuja hapa nilimwona mwanamke mkali mwenye kupenda kutuma watu. Bado ni mkali. Ila sasa naona ukali wake unavyofanya kazi.

2 Desemba

Chai imekuwa haba, kibuyu kimoja tu kwa mwezi, na Rémy anasema barabarani wanakamata mazutu yote. Shangazi ameificha. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta, sikuiona. Alinicheka, akanionyesha termosi yake kubwa ya maua, iliyo mezani siku zote karibu na vikombe.

"Chai inakaa wapi? Inakaa mu termosi."

9 Desemba

Mvua, upepo. Paa limevuja juu ya kitanda changu, nimelala na beseni tumboni.

25 Desemba

Noeli. Baba alipanda kutoka Uvira kwa pikipiki na samaki wabichi. Aliniangalia mikono, kucha zote nyeusi, akasema: "Nilikutuma upumzike." Nikamjibu: "Napumzika, Baba." Ni kweli. Sijagombana na mlango hata mmoja tangu mwezi wa kumi.

1 Januari 2000

Radio imesema kwa majuma kwamba leo ordinateri zote duniani, zile kompyuta, zitasimama, hazijui kuhesabu mwaka mpya. Benki zitafunga, ndege zitaanguka. Wataalamu wamelipwa kila mahali kuzuia. Saa mbili asubuhi tumejaribu mashini: chai, mzunguko mmoja wa mkono, mlio. Haijui hata mwaka jana ulikuwa gani.

Nimewaza. Nilikuwa nadhani ufundi uko huko, kwenye vioo na waya, na huku kwetu ni kusubiri tu mpaka utufikie. Sasa sijui. Kutengeneza kitu kwa ulichonacho, kikashika, na mtu asiyejua kusoma akaweza kukiendesha na kukitibu: huo nao ni ufundi, na mtihani wake ni mgumu kuliko yangu yote.

11 Januari

Naandika pole pole.

Ilikuwa kama saa nne. Mashini iko kwenye bugali, wanawake kama kumi na wawili ndani. Wakaingia sita wenye bunduki. Mbele yao Komanda, kijana, safi, mpole. Upole wake uliniogopesha kuliko bunduki.

"Zima."

Shangazi akamwambia: "Komanda, unipatie dakika tano. Haijakunywa chai."

Akamtazama kama mtu anayemtazama kichaa. Mmoja wa watu wake akanyanyua mtutu. Shangazi akawapa mgongo, akageuza robine, akaweka mchi kwenye sikio, akafumba macho. Dakika tano nzima! Nilikuwa nahesabu moyoni, na ningeweza kuapa ilikuwa saa nzima. Alipoona imesafika, akaizima taratibu, kama siku zote.

Komanda alikuwa amekaa mezani. Akasema: "Hata mimi sijakunywa chai." Akavuta termosi ya maua, akachukua kikombe, akafungua.

Hakumimina. Harufu ilimfikia kwanza. Akanusa termosi, akainuka, akanusa bomba la moshi, akachovya kidole kwenye bidoni. Alikuwa na akili, huyo kijana, ndicho kilichotuponza.

"Hii mashini inakula mawese?"

Akajifuta kidole kwenye suruali.

"Kamyo yangu imelala barabarani siku tatu, haina mazutu. Nimesikia hapa kuna Enjeniere. Nani?"

Miezi mitatu kijiji kizima kinaniita Enjeniere. Watoto wananiimbia njiani. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinua macho kunitazama. Wote waliangalia mabeseni yao. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye sanduku la unga, mikono imezama mpaka viwiko, na mafuta ya kazi yote yamefunikwa na unga. Nilijua ni mimi anayetakiwa. Nilijua kinachowapata wasichana wanaopanda kamyo hizo, malori ya wenye bunduki. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, na hakuna kilichotoka.

Mchi ukagonga chini.

"Minye," akasema Shangazi, "minye Enjeniere."

Komanda akamtazama: mwanamke mzee, unga kwenye nyusi, kandambili miguuni. "Wewe, Bibi?"

"Uko naona mwingine? Bwana yangu alikuwa fundi wa kiwanda. Hii bomba, hii robine, kitenge, yote iko yangu. Twende nikuonyeshe kamyo, tuache hawa wamama warudie watoto."

Wakachukua bidoni nne za mawese na termosi. Shangazi, akiondoka nao, alipopita karibu yangu alinisukuma kwa mguu, akasema kwa sauti ya kudharau: "Weye mutoto, uko nangojea nini? Chukua fagio."

Nikachukua fagio. Nikafagia. Nilifagia mpaka mlio wa miguu yao ukaisha, na hata baada ya hapo niliendelea kufagia.

12 Januari

Mashini imelala vizuri. Lakini chai yote imekwenda na termosi. Bila chai siwezi kuiamsha, na nikiiamsha siwezi kuilaza. Vinu vimeanza tena.

Nimemtuma Rémy kwa Baba. Sikuandika kwenye barua kwamba nilinyamaza.

13 Januari

Irankunda amesema wengine wameanza kuzungumza juu ya kwenda Sange.

14 Januari

Georgette alikuja asubuhi, ameshika kikombe amekifunika kwa kiganja. Petroli ya taa, yote iliyokuwa kwenye taa yao. "Hii haiwezi kuwa chai?" aliuliza.

Nikakaa nikawaza. Petroli ya taa ni nyepesi kuliko mazutu, mota haitaipenda, itapiga kelele. Lakini itawaka, na itasafisha. Nikamwambia inaweza.

Akatoka. Nilidhani amekwenda nyumbani kwao. Baada ya saa moja walikuja: vikombe, vibakuli, chupa za dawa, mama wa katekista na taa nzima mkononi. Hakuna nyumba itakayowasha taa leo Runingu. Niliangalia wakimimina, kila mtu tone lake, bila kelele, na nikalia mbele yao bila haya.

Tumesaga. Imepiga kelele kama jirani mlevi, lakini tumesaga. Kabla ya kuzima nilichukua mchi. Mwanzo sikusikia kitu, kelele tu. Kisha nikafumba macho kama Shangazi.

16 Januari, siku ya Mungu

Padri ametaja jina la Shangazi kwenye sala. Nilitoka nje.

18 Januari

Nimesikia kwa mchi valvu moja inayochelewa. Nimeirekebisha. Ningependa kumwambia.

19 Januari

Irankunda alirudi mbio kutoka shambani, na mimba yake ile, nikafikiri ni mabaya. "Enjeniere! Kamyo yao imepita kule darajani. Iko nanuka mandazi!"

Tukashikana mikono, tukarukaruka kama watoto. Yuko hai! Anawalisha bugali!

20 Januari

Mvua kubwa tangu jioni. Baridi.

22 Januari

Amerudi jana.

Nilikuwa nimeinamia robine. Wanawake waliinuka ghafla, nikageuka nikiwa na hofu, naye amesimama mlangoni, matope mpaka magotini, amekonda, kanda moja mguuni. Hakusalimu. Aliinamisha kichwa upande.

"Mumeipatia nini? Hii haiko chai yangu. Tokea kule kwa katekista nilikuwa nasikia. Mumeitilia petroli ya taa!"

Vigelegele vilifunika hata mlio wa mashini.

Tulimwosha, tukamlisha, akasimulia kitandani, wanawake wamejaa mpaka dirishani. Walikuwa wanamlaza kwa mke wa mkulima mmoja, hawakumgusa. Aliwatengenezea kamyo: bomba, kitenge, robine, kila kitu. Ilitembea siku mbili, na Komanda alifurahi kama mtoto aliyepewa kiatu.

"Niliwafundisha bugali yote," alisema Shangazi. "Chai ya kulala, hiyo sikuwaambia."

Usiku ule wa mvua waliizima na mawese tumboni. Asubuhi wakapata amri ya kupanda mlimani haraka, huko wenzao wanapigwa. Kamyo ikakataa. Walizungusha, walisukuma, walitukana. Mawese yalikuwa yamelala mpaka kwenye moyo wa mota. Komanda akamwita. Akamjibu: "Minye ni wa mashini ya kusaga, Komanda. Kamyo sikuisomea."

"Alikasirika sana?" Irankunda aliuliza.

"Alikuwa na haraka sana."

Wakapanda mlima kwa miguu. Kamyo iko pale pale darajani, watoto wameshaanza kuichezea usukani. Najua watakuja wengine. Lakini leo barabara imenyamaza.

Wanawake walipoondoka nilifunga mlango, nikapiga magoti karibu na kitanda chake. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga siku kumi, na yote yalikimbia.

"Shangazi, unisamehe. Aliniuliza mimi. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza muzuri. Ungesema, nani angesaga?"

"Ulidanganya juu yangu. Ulijiita Enjeniere, ungeweza kufa."

Akajiinua kwa kiwiko. Alinitazama kwa yale macho yake ya siku ya kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni, na nikaona amekasirika kweli.

"Nilidanganya wapi?"

Nimekaa nalo swali hilo mpaka leo asubuhi, na sijaona alipodanganya. Nimekwenda kuipatia mashini chai.